Tom Mboya: Mwenda Tezi na Omo

Utangulizi

Msafiri anayetoka Kisiwa cha Remba kwa mashua ya injini kuelekea Mbita hukipita Kisiwa cha Mfangano, kisha kile cha Rusinga, kabla ya kutia nanga bara. Remba ni kisiwa kidogo cha mawe katika Ziwa Victoria, Kaunti ya Homa Bay, kilichosongamana nyumba za mabati. Wavuvi na wachuuzi wa mbuta na omena kutoka Kenya, Uganda na Tanzania hukutana hapo, na Kiswahili ndicho huwawezesha kupatana bei. Kijana wa kisiwa kama hicho anapopokea barua ya kujiunga na chuo, safari yake huanzia majini, na nauli yake hutoka katika nyavu za watu wengine.

Rusinga, jirani mkubwa wa Remba, ndiko alikozikwa Thomas Joseph Odhiambo Mboya, mtu aliyeifahamu safari ya namna hiyo pengine kuliko kiongozi yeyote wa kizazi chake. Wanafunzi wengi wa Kenya humkumbuka kama waziri aliyeuawa mchana katikati ya jiji la Nairobi. Wachache hukumbuka kwamba mtu huyo, aliyewafungulia mamia ya vijana milango ya vyuo vikuu, hakuwahi kusomea shahada hata moja. Ndiyo maana maisha yake yanagusa maswali mawili ambayo kila mwanafunzi hana budi kujiuliza. Swali la kwanza ni namna ya kuishi chuoni, na la pili ni la kufanya siku joho la mahafali linaporudishwa.

Malezi na Elimu

Mboya alizaliwa tarehe 15 Agosti 1930 huko Kilima Mbogo, karibu na Thika. Baba yake, Leonard Ndiege, alikuwa msimamizi wa vibarua katika shamba la mkonge la mzungu. Mama yake aliitwa Marcella Awuor. Wazazi hao walikuwa Wasuba wa Rusinga waliozungumza Kijaluo, lakini mtoto wao alilelewa miongoni mwa Wakamba, Wakikuyu na watu wengine walioletwa pamoja na kazi ya mkonge. Si ajabu basi kwamba alikua akizijua lugha za majirani zake, Kiswahili kikiwa mojawapo, kabla ya kukimudu Kiingereza. Hazina hiyo ya lugha haikuwa na cheti, lakini baadaye ilimfaa kuliko vyeti vingi.

Alisoma katika shule za misheni ya Kikatoliki, kwanza Kabaa katika Ukambani, kisha Shule ya St. Mary's huko Yala, Nyanza. Mwaka wa 1946 alijiunga na Chuo cha Holy Ghost, Mang'u. Huko angeweza kuendelea hadi Makerere, ambayo wakati huo ndiyo iliyokuwa kilele cha elimu kwa Mwafrika wa Afrika Mashariki. Hata hivyo, mwaka wa 1947 ulipokwisha, ujira wa baba yake haukuweza kumsomesha yeye na pia kuwasomesha wadogo zake. Kijana wa miaka 17 akatoka shuleni, si kwa kushindwa mtihani bali kwa kukosa karo.

Hapo ndipo tabia yake ilipoanza kujidhihirisha. Badala ya kukaa kuusubiri mlango uliofungwa, alibisha mwingine. Mnamo 1948 aliingia katika mafunzo ya wakaguzi wa afya ya umma, ambako mzigo wa karo haungemwelemea baba yake. Kazi ya kukagua maziwa, nyama na mifereji ya maji machafu haikuwa ndoto ya mwanafunzi wa Mang'u. Aliikubali, akaisomea kwa bidii, na akafuzu.

Sehemu ya mafunzo hayo aliipata katika Shule ya Jeanes, Kabete. Taasisi hiyo iliwakusanya watu wazima wa kazi mbalimbali, na uwanja wake ndio uliokuja kuwa chuo cha kuwafunza watumishi wa serikali. Mboya alichaguliwa na wenzake kuwa rais wa baraza la wanafunzi. Katika nafasi hiyo alijifunza kuendesha mkutano, kusikiliza malalamiko ya walo wengi, kuyapanga kwa hoja na kuyafikisha kwa wakubwa bila matusi wala woga. Waalimu wake walimfundisha ukaguzi wa afya, ilhali wanafunzi wenzake, bila ya wao kujua, walimfundisha uongozi. Elimu hii ya pili haikuwamo katika ratiba ya masomo. Aliipata kwa sababu alikubali kubeba shida za wengine wakati angeweza kujifungia chumbani na madaftari yake.

Kazi ya Kwanza

Mwaka wa 1951 Mboya aliajiriwa na Baraza la Jiji la Nairobi. Kama ilivyo kwa wahitimu wengi, alikuta ulimwengu wa kazi ukiwa na sheria ambazo hazikufundishwa darasani. Mkaguzi mzungu aliyefanya kazi sawa na yake alilipwa mshahara mkubwa mno kuliko wake. Siku moja, akiwa peke yake katika ofisi ya idara ya afya, aliingia mwanamke wa kizungu, akatazama huku na huku, kisha akamwuliza Mboya mwenyewe iwapo hapakuwa na mtu humo ndani. Mboya alimjibu kwa kumwuliza kama macho yake yalikuwa na kasoro. Mwanamke yule alikasirika. Kisa hicho Mboya alikihifadhi moyoni na kukisimulia miaka mingi baadaye katika kitabu chake cha Freedom and After, kilichotoka mwaka wa 1963.

Wapo ambao matusi ya aina hiyo huwavunja, na wapo ambao huwageuza kuwa watu wa chuki. Mboya aliyageuza kuwa kazi. Aliingia katika chama cha wafanyakazi Waafrika wa Baraza la Jiji, akakitia nguvu, na kutoka hapo ukaibuka muungano wa wafanyakazi wa serikali za mitaa nchini Kenya. Wakati huo nchi ilikuwa imeingia katika hali ya hatari iliyotangazwa Oktoba 1952. Viongozi wa chama cha KAU walikamatwa, na chama chenyewe kikapigwa marufuku mwaka uliofuata. Vyama vya wafanyakazi vikawa miongoni mwa sauti chache za Waafrika zilizosalia. Mnamo 1953 Mboya aliachana na ajira ya Baraza la Jiji, na mwaka uo huo akawa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi. Alikuwa na umri wa miaka 23, umri ambao mwanafunzi wa leo huwa ndiyo kwanza anamaliza shahada yake ya kwanza.

Mwezi wa Machi 1955 makuli wa bandari ya Mombasa waligoma. Mboya aliteremka pwani, akakaa nao na kuzungumza nao kwa Kiswahili, akapata imani yao na ya waajiri kwa pamoja. Kazi ilirejea, madai yakapelekwa kwa mwamuzi, na wafanyakazi wakapata nyongeza ya mshahara. Ikumbukwe kwamba lugha iliyomwezesha mtu wa ziwani aaminiwe na makuli wa bandari haikuwa ile ya ofisini.

Oxford na Marejeo

Mwaka huo wa 1955 Mboya alipata ufadhili wa kwenda Uingereza, katika Chuo cha Ruskin mjini Oxford, kilichoanzishwa mwaka wa 1899 kwa ajili ya kuwaelimisha wafanyakazi. Alikaa huko mwaka mmoja tu wa masomo. Hakurudi na shahada, lakini alirudi akiwa amesoma kwa mpango yale ambayo awali aliyajua kwa tajriba peke yake, yaani siasa, uchumi na mahusiano ya waajiri na waajiriwa. Alihudhuria mijadala na kujuana na watu walioweza kulisaidia bara lake. Aidha, aliandika kijitabu kuhusu suala la Kenya, ambacho kilichapishwa mwaka wa 1956. Kwake, mwaka mmoja wa chuo haukuwa wa kuhesabu siku, bali wa kukusanya alichokihitaji kwa kazi aliyokwisha kuichagua.

Kabla ya kurejea nyumbani alizuru Marekani. Huko aliviona vyuo vingi, vikubwa kwa vidogo, ambavyo vilikuwa tayari kuwapokea Waafrika endapo wangefika. Jambo hilo hakulisahau.

Machi 1957 ulifanyika uchaguzi wa kwanza ambamo Waafrika wa Kenya, ingawa si wote, walipiga kura kuwachagua wajumbe wao katika Baraza la Kutunga Sheria. Mboya alishinda kiti cha Nairobi kwa kumpiku Argwings-Kodhek, wakili msomi aliyeheshimika sana. Wajumbe waliochaguliwa walikuwa wanane, miongoni mwao Oginga Odinga, Masinde Muliro, Ronald Ngala na Daniel arap Moi. Desemba 1958, akiwa na miaka 28, Mboya aliongoza Mkutano wa Watu wa Afrika Nzima mjini Accra. Mwaka uliofuata Chuo Kikuu cha Howard nchini Marekani kilimtunuku shahada ya heshima.

Ndege za Wanafunzi

Uhuru ulikuwa unakaribia, na swali lililomkosesha Mboya usingizi lilikuwa la nani angeziendesha ofisi, hospitali, shule na viwanda siku ambayo Waingereza wangefunga virago. Makerere haikuwa na nafasi za kutosha. Chuo cha Ufundi cha Kifalme cha Nairobi, kilichofunguliwa mwaka wa 1956 na ambacho baadaye kilikuwa Chuo Kikuu cha Nairobi, kilikuwa kichanga. Vijana wengi walikuwa wamekubaliwa na vyuo vya Marekani, baadhi yao kwa ufadhili wa masomo, lakini nauli ya ndege ikawa ukuta mbele yao.

Mboya, akishirikiana na wenzake kama Dkt. Julius Gikonyo Kiano na Kariuki Njiiri, ambao wote wawili walikuwa wamesoma Marekani, alianza kuubomoa ukuta huo. Mwaka wa 1959 alizunguka Marekani akihutubia na kuomba msaada. Taasisi iliyoundwa huko ilichangisha fedha, na mchezaji wa besiboli Jackie Robinson, mwimbaji Harry Belafonte na mwigizaji Sidney Poitier wakaitia mkono rufani ya kuwaomba watu wachange. Huku Kenya, jamaa na majirani walifanya michango, wengine wakauza mifugo, ili kijana wao apate nguo za kusafiria na fedha za kuanzia maisha. Septemba 1959 ndege ya kukodi ilitua New York ikiwa na wanafunzi 81.

Serikali ya kikoloni haikufurahi. Maofisa wake walidai kwamba wanafunzi hao hawakustahili na kwamba shahada za Marekani zilikuwa hafifu zikilinganishwa na za Uingereza. Julai 1960 Mboya alikutana na John F. Kennedy, aliyekuwa seneta na mgombea wa urais, na wakfu wa familia ya Kennedy ukakubali kutoa dola 100,000 kwa safari za mwaka huo. Kufikia mwaka wa 1963 vijana takriban 800 wa Afrika Mashariki walikuwa wamevuka bahari kwa mpango huo.

Maisha ya chuo hayakuwa mteremko kwao. Walikutana na baridi wasiyoizoea, chakula kigeni, na katika baadhi ya majimbo, ubaguzi wa rangi uliowakumbusha walikotoka. Wengi walilazimika kufanya kazi za mikono ili kujikimu. Hali kadhalika, upweke ulikuwa mtihani usiokuwa na alama. Lakini kila mmoja alijua kwamba nyuma yake kulikuwa na kijiji kilichochanga, na ujuzi huo uliwafanya wengi wavumilie pale ambapo nguvu zao wenyewe zilikuwa zimekwisha.

Waliorudi

Wahenga walisema kwamba mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Mboya aliwapeleka vijana ili warudi, na marejeo yalikuwa na mawimbi yake. Mfano wa Wangari Muta, ambaye ulimwengu ulimjua baadaye kwa jina la Wangari Maathai, unatosha. Aliondoka mwaka wa 1960, akapata shahada ya kwanza huko Kansas mwaka wa 1964 na ya uzamili huko Pittsburgh. Mapema mwaka wa 1966 alirudi Nairobi akiwa na barua ya kuajiriwa kama mtafiti. Alipofika kuripoti aliambiwa kwamba nafasi ile alikuwa amepewa mtu mwingine. Barua ilikuwa mkononi, kazi haikuwapo, na yeye mwenyewe aliamini kwamba jinsia yake na kabila lake vilichangia kunyimwa.

Hakurudi Marekani, wala hakujifungia. Alizunguka akitafuta hadi Profesa Reinhold Hofmann alipomchukua katika idara iliyoshughulikia anatomia ya mifugo, kazi ambayo hakuwa ameipanga. Kutokana na kazi hiyo alipata uzamifu mwaka wa 1971, akiwa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki na Kati kufika daraja hiyo. Mwaka wa 2004 alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Amani. Njia yake inafanana mno na ya Mboya aliyetoka Mang'u kwenda kukagua maziwa.

Mfano mwingine ni Barack Obama, mzaliwa wa Kendu Bay, ufuoni mwa ziwa lile lile, baba wa rais wa baadaye wa Marekani. Hakuwamo katika ndege ya 1959, ila alikwenda Hawaii mwaka huo huo na alikuwa karibu na Mboya. Mboya alipokuwa Waziri wa Mipango ya Uchumi na Maendeleo, aliongoza utayarishaji wa Waraka Nambari 10 wa 1965 kuhusu ujamaa wa Kiafrika. Mnamo Julai mwaka huo Obama alichapisha makala katika East Africa Journal akiukosoa waraka huo kwa hoja za kiuchumi. Urafiki wao haukuvunjika. Elimu iliyomfanya kijana aweze kumkosoa mlezi wake hadharani, kwa hoja na kwa jina lake mwenyewe, ilikuwa elimu iliyofanikiwa.

Hata hivyo, haifai kumsawiri Mboya kama malaika. Mahasimu wake walimlaumu kwa ukaribu wake na Marekani. Odinga naye aliwatafutia vijana nafasi katika Urusi na nchi nyingine za mashariki, na mvutano wa viongozi hao wawili ukawaangukia wanafunzi. Baadhi ya waliosoma mashariki walitiliwa shaka waliporejea, kana kwamba siasa za wakubwa zilikuwa zimeandikwa katika vyeti vyao. Mnamo 1966 Mboya alikuwa mstari wa mbele katika mkutano wa chama cha KANU huko Limuru, ambao ulimwondolea Odinga umakamu wa rais wa chama. Wapo katika Nyanza ambao hawakumsamehe kwa hilo wakati wa uhai wake.

Kifo

Mchana wa Jumamosi, tarehe 5 Julai 1969, Mboya alitoka katika duka la dawa kwenye barabara iliyoitwa Government Road, leo Moi Avenue, akapigwa risasi na kufa. Alikuwa hajatimiza miaka 39. Nahashon Njenga Njoroge alishtakiwa, akahukumiwa na kunyongwa mwaka huo huo, lakini swali la nani aliyemtuma halikupata jibu mahakamani. Nyanza na Nairobi zilijaa vilio na ghasia. Waliompinga na waliomuunga mkono walilia pamoja wakati mwili wake uliporudishwa katika ardhi ya wazee wake, Rusinga. Mwenda tezi na omo alikuwa amerejea ngamani.

Hitimisho

Leo sanamu ya Mboya, iliyozinduliwa mwaka wa 2011, imesimama kando ya Moi Avenue, si mbali na alipoanguka. Mjini Homa Bay kipo Chuo Kikuu cha Tom Mboya, ambacho huwapa wanafunzi wake shahada zenye jina la mtu ambaye karo ilimtoa shuleni. Kijana wa Remba akishavuka maji hadi Mbita, hana haja tena ya kufika New York ili aifuate elimu ya juu.

Lakini kuvuka si kufika. Kwa mwanafunzi wa leo, wa Kiswahili au wa taaluma nyingine, hatari ya kwanza ni kuishi chuoni kana kwamba maisha yataanza baada ya mahafali. Mboya alianza kuongoza akiwa mwanafunzi wa Kabete, na aliyoyafanya Nairobi na Mombasa yalikuwa mwendelezo wa yale. Anayekitumikia chama cha wanafunzi kwa uaminifu, anayeandika, anayehariri kazi za wenzake au kuwatafsiria watu wa kijiji chake, amekwisha kuanza kazi hata kabla ya kuajiriwa.

Hatari ya pili ni kudhani kwamba mlango ni mmoja. Wapo wahitimu wengi wa ualimu ambao hukaa miaka wakiisubiri barua ya Tume ya Huduma ya Walimu, na kila mwaka unaopita huwatia aibu isiyo yao. Kukosa nafasi si kosa la aliyesoma. Hata hivyo, Mboya na Wangari waliingia kwa milango ambayo hawakuichagua, wakaifanya kazi iliyokuwapo kwa heshima kamili, na kazi hiyo ikawapeleka walikokuwa wamenuia na mbele zaidi.

Na hatari ya tatu, iliyo kubwa kuliko zote, ni kusahau nyavu zilizolipa nauli. Michango ya mwaka wa 1959 haikutolewa ili mtu mmoja atajirike, bali ili wengi wapate daktari, mwalimu na mhandisi. Mboya hakukusanya shahada, ila alikusanya watu na kuwavusha. Jioni mashua zinapotoka Remba kwenda kutega, taa za wavuvi huonekana mbali juu ya maji, na huenda mmojawapo wa wavuvi hao ana mtoto chuoni.